Jicho la Taifa na Pacha wa Mtaa wa Mabanzi

Nchi ya Mbeleko haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta. Akiona mahali panafanana na kwao, hilo ni jambo lake na nchi yake, mimi simo. Mimi ni Mmbeleko wa kuzaliwa, naipenda serikali yangu, na haya nayasimulia kwa nia njema kabisa.

Mwaka tulioanza kuishi katika siku zijazo, Wizara ya Maji ilibadilishwa jina ikawa Wizara ya Kesho. Watu wenye midomo walisema ni kwa sababu maji yenyewe yalikuwa yakiahidiwa kesho kila siku. Si kweli. Waziri, Mheshimiwa Daktari Tarumbeta, alifafanua vizuri redioni: "Maji yamekuwepo tangu dunia iumbwe. Taifa linalojiheshimu haliwezi kuendelea kushughulika na kitu cha zamani kiasi hicho." Tukapiga makofi, tukachukua ndoo zetu, tukaenda kisimani tukiwa na ari mpya.

Kitu cha kwanza kununuliwa na Wizara ya Kesho kilikuwa Jicho la Taifa. Ulikuwa mtambo mkubwa kutoka ng'ambo, wenye kamera katika kila nguzo, kila mlango wa ofisi na kila kona ya soko. Ukisimama mbele ya kamera, Jicho lilikutazama usoni likajua wewe ni nani, umezaliwa lini na umeoana na nani. Vitambulisho vya zamani vilichomwa moto uwanjani huku bendi ya polisi ikipiga muziki. Kuanzia siku ile, jina la mtu halikuwa tena lile analolitaja mwenyewe. Lilikuwa lile ambalo Jicho limelitaja.

Katika Mtaa wa Mabanzi walikuwepo pacha, Chausiku na Siwema. Chausiku alizaliwa giza halijaondoka, Siwema jua limeshachomoza, na baada ya hapo hawakufanana kwa lolote isipokuwa sura. Chausiku alikuwa mkunga wa zahanati, mwanamke wa sauti kubwa, mwenye watoto wawili na mume mpole aliyeitwa Kombo, mpiga rangi za nyumba. Siwema alikuwa mshonaji wa nguo za harusi. Maneno yake yalikuwa machache, lakini yakitoka yalikuwa yamepigwa pasi.

Siku ya kuandikishwa walipanga foleni pamoja katika shule ya mtaa. Chausiku akatangulia, akaitazama kamera, mashine ikalia mlio wa furaha. Akafuata Siwema. Mashine ikanuna, na maandishi mekundu yakajitokeza: UMESHASAJILIWA. ACHA KUJIRUDIA.

"Dada, umeshapita," karani akamwambia.

"Aliyepita ni pacha wangu. Yule pale."

Karani akamtazama Chausiku, akamtazama Siwema, akairudia mashine yake. "Jicho linasema ni wewe."

"Lakini kaka yangu, si unatuona tuko wawili?"

"Mimi nawaona wawili," karani akakiri kwa upole. "Lakini mimi sikununuliwa kwa mabilioni."

Siwema akarudi nyumbani bila kuandikishwa. Kwa muda jambo hilo halikumsumbua. Aliendelea kushona, na wateja wake waliendelea kumtambua kwa njia ile ya kizamani ya kumwita jina lake na yeye kuitika. Tatizo lilianza alipotaka kuolewa.

*

Mchumba wake aliitwa Shomvi, fundi wa majokofu, ambaye alimposa kwa subira ya mtu aliyezoea kungoja barafu igande. Siku ya harusi ilipangwa na jamaa wakaarifiwa. Lakini katika Mbeleko mpya ndoa haikufungwa bila kibali cha Jicho, na shehe au padri aliyefungisha bila kibali alifungwa yeye. Basi wachumba wakaenda ofisi ya ndoa. Kamera ikamtazama Shomvi, ikaridhika. Ikamtazama Siwema, ikapiga king'ora.

"Huyu ana mume," afisa akasema.

"Sina mume," akasema Siwema.

"Una mume mpiga rangi na watoto wawili. Huoni haya kuwakana wanao?"

Kombo akaitwa. Alishushwa kutoka juu ya ngazi, akaja na brashi mkononi, rangi ya kijani ikimdondoka kwenye viatu.

"Mkeo anataka kuolewa na bwana huyu," afisa akamwambia. "Unasemaje?"

"Huyu ni shemeji yangu, afisa. Mke wangu yuko zahanati. Tumeachana asubuhi."

"Kumbe mmeachana?"

"Hapana. Tumeagana. Yeye kaenda kazini, mimi nikaenda kazini."

"Hapa hakuna shemeji. Jicho linaonyesha huyu ndiye mkeo."

Kombo alifikiri kidogo. Hakuwa mtu wa kubishana na ofisi. "Basi nina wake wawili?"

"Una mke mmoja, mara mbili," afisa akasema. Kisha akamgeukia Shomvi. "Na wewe unatembea na mke wa mtu. Leo nakusamehe."

Wakaenda kwa Shehe Jongo, mzee wa msikiti wa Mabanzi, wakamweleza yote. Shehe akasikiliza, akatikisa kichwa. "Wanangu, mimi na umri huu sitaki kulala rumande. Leteni kibali, nitawafungisha hata nikiwa na homa." Hawakumlaumu. Ila njia nzima ya kurudi nyumbani Siwema aliinamisha kichwa, na Shomvi, ambaye alijua kuzungumza na majokofu zaidi kuliko na watu, alitembea kando yake akimbebea mkoba.

*

Chausiku alisema waende kwa Waziri mwenyewe. Siku hizo kulikuwa na sherehe za Wiki ya Kesho, uwanja umejaa wageni wa ng'ambo wenye beji shingoni. Chausiku akampitisha mdogo wake katikati ya walinzi. Kila mlinzi aliyetaka kuwazuia aligundua kwamba mkunga huyu alimzalisha mkewe. Wakafika mbele ya jukwaa.

Mheshimiwa Tarumbeta aliwasikiliza akiwa anatabasamu. Msaidizi wake akamnong'oneza kwamba hawa ni watu wawili na Jicho linawaona mmoja. Waziri akanong'ona naye kwamba nchi haikukopa fedha zote zile ili ikosee. Kisha akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, na wageni wetu mashuhuri. Mataifa makubwa yamepeleka watu mwezini. Ni jambo dogo, kwa sababu mtu akiwa mwezini hayupo nyumbani. Sisi Mbeleko tumekwenda mbali zaidi. Leo nawaletea raia wa kwanza duniani ambaye ni mmoja, na ana miili miwili."

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Wageni wakapiga picha.

"Mheshimiwa," Chausiku akasema, "tulizaliwa wawili. Mama yetu alishikwa na uchungu mara mbili."

"Mama yenu alikuwa mtu wa zamani. Hakuwa na vifaa vya kuhesabia."

"Mimi nimezaa watoto wawili. Huyu hajazaa."

"Basi umezaa kwa asilimia hamsini," Waziri akasema. "Hongera. Wapo ambao hawajafika hapo."

Ikaletwa nishani. Kwa kuwa raia alikuwa mmoja, nishani ilikuwa moja, na utepe wake ukavishwa kwenye shingo zote mbili, ikabidi washuke jukwaani wamegusanisha masikio. Kabla hawajashuka, Siwema alimuuliza Waziri kwa sauti ya chini, "Na ndoa yangu?"

"Raia wa siku zijazo hana haraka," Waziri akamjibu, akampungia mkono.

Nyumbani, Siwema alitoa gauni lake la harusi, ambalo alilishona mwenyewe miezi kadhaa kwa vitambaa alivyovichagua kipande kwa kipande. Akalikunja, akaliweka chini kabisa sandukuni, juu yake akapanga mablanketi. Hakulia. Chausiku alisimama mlangoni akamtazama anavyopanga, akaona ni afadhali angelia.

Asubuhi yake Chausiku akapiga simu redioni, kwenye kipindi cha wasikilizaji, akataja jina lake na mtaa wake. "Mimi nafanya kazi zahanati," akasema. "Nimeona macho ya wagonjwa wengi. Jicho hili la Taifa lina mtoto wa jicho. Linahitaji daktari."

Alikamatwa kipindi hakijaisha. Mahakamani, mwendesha mashtaka alieleza kwa uchungu kwamba mshtakiwa ameliaibisha Jicho la Taifa kwa kudai lina mtoto ambaye Wizara haina habari naye. Akahukumiwa miezi mitatu.

*

Gereza la wanawake lilikuwa chini ya Afande Sijaona, mama mmoja mkakamavu aliyependa mambo yaliyonyooka. Chausiku aliingizwa, akapewa sare na bakuli. Hata bakuli halijapoa, simu ya mkuu wa gereza ikalia: mfungwa Chausiku ameonekana sokoni akinunua uzi.

"Afande, mfungwa yupo," askari wa zamu akaripoti. "Anakula."

"Jicho linasema ametoroka."

"Mimi namwona, afande."

Afande Sijaona akakuna kichwa chini ya kofia. "Basi ni mfungwa hatari sana. Anatoroka huku anakula."

Siwema akakamatwa na uzi wake, akaletwa, akaingizwa katika chumba kilekile. Sasa gereza likawa na mfungwa mmoja, vichwa viwili, bakuli moja. Kwa mtu aliyependa mambo yaliyonyooka, hali hii ilikuwa adhabu. Afande akaamua kumtoa Siwema kimyakimya. Lakini alipovuka lango tu, kamera ya nje ikamwona, king'ora kikalia, askari wakamkimbilia na kumrudisha. Wakamtoa tena, king'ora kikalia tena. Mwisho askari wakahema, na Siwema mwenyewe akasema, "Niacheni tu humu, afande. Si nipo na dada yangu."

Wakakaa juu ya mkeka, migongo ukutani.

"Mdomo wangu ndio umekuponza," Chausiku akasema. "Nisamehe, Siwema."

"Ulisema kweli."

"Kweli yenyewe imekutia ndani."

Siwema alikuwa anazungusha uzi wake kidoleni. Hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya. Kisha akauliza, "Hivi kama sisi ni mtu mmoja, jua likizama leo tutakuwa tumetumikia siku ngapi?"

"Moja."

"Wewe moja, mimi moja. Zote za mtu mmoja."

Chausiku akamgeukia taratibu. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka askari akaja kuchungulia kama kuna mwingine kaongezeka.

Walipelekwa kwa hakimu. Siwema ndiye aliyeeleza, kwa maneno yake machache. Mwendesha mashtaka akasimama kwa kasi: "Mheshimiwa Hakimu, hawa ni watu wawili. Kila mtu anaona."

Hakimu akamtazama juu ya miwani. "Unataka kuiambia mahakama hii kwamba Jicho la Taifa limekosea?"

Mwendesha mashtaka akakaa, akaomba maji ya kunywa. Hakimu akatoa uamuzi kwamba raia mwenye miili miwili hutumikia siku mbili kwa siku moja, ili mradi miili yote iwe ndani. Hivyo Siwema, ambaye hakuwa na kosa hata la kuhisiwa, alifungwa kihalali pamoja na dada yake. Wakati wote wa kifungo alilala kwenye ule mkeka, na kila Ijumaa Shomvi alikuja langoni na kapu la mikate. Nusu ya muda ilipotimia, wakatoka pamoja, wameshikana mikono. King'ora hakikulia.

*

Habari ya hukumu ile ikaenea nchi nzima. Mwizi mmoja wa ng'ombe akaripoti gerezani na ndugu zake sita, wote pua moja, akamaliza kifungo cha mwaka katika muda wa likizo ya shule. Mkubwa mmoja wa zamani, aliyekuwa ndani kwa kuuza daraja la serikali, hakuwa na ndugu wa kufanana naye, akatangaza redioni anatafuta watu wenye kidevu kama chake. Wabunge nao wakaona njia. Mbunge alibaki kwake akalala, akamtuma binamu anayefanana naye akae kitini kwa niaba yake, na Jicho likamhesabu kuwa amehudhuria. Wananchi wengine walisema kiwango cha mijadala kimepanda, lakini mimi sikushiriki maneno hayo.

Baraza la Mawaziri likakutana. Kila mmoja alijua dawa ni kuliambia Jicho kwamba pacha ni watu wawili, na kila mmoja alijua hakuna atakayelisema hilo. Ndipo Mheshimiwa Tarumbeta aliponyanyuka.

"Jicho haliwezi kukosea," akasema. "Lakini linaweza kufanikiwa zaidi."

Wiki iliyofuata tukaitwa tena uwanjani. Jukwaani palijengwa kibanda cha bati lililong'arishwa, chenye mlango mmoja mbele na milango miwili nyuma, taa za rangi na mashine ya kutoa moshi. Waziri akatangaza kwamba baada ya utafiti mzito, wanasayansi wa Mbeleko wako tayari kumgawa raia mmoja kuwa raia wawili, bila upasuaji, bila maumivu. Chausiku na Siwema wakaambiwa waingie kwa mlango mmoja kwa wakati mmoja. Ikabidi wajibane.

Ndani, walinisimulia baadaye, palikuwa na fundi mmoja mwenye tarakilishi, anatafuna karanga. "Piteni, dada zangu," akasema. "Angalieni waya hapo chini." Akabonyeza kitufe kimoja.

Moshi ukatoka. Ngoma zikarindima. Chausiku akatokea mlango wa kulia akikohoa, Siwema mlango wa kushoto akikohoa. Mama mmoja karibu yangu akazimia. Mgeni mmoja wa ng'ambo akasimama na kufuta machozi, akasema kwao jambo hili lingechukua miaka ishirini. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka, na hata leo nikikumbuka nasisimka, ingawa pacha hao nimewafahamu wakiwa wawili tangu utoto.

*

Kesho yake, ofisi ilipofunguliwa tu, Siwema na Shomvi walikuwa mlangoni. Kamera ikamtazama Siwema. Hakuna king'ora.

"Huyu ni Siwema," afisa akasoma, uso umekunjuka. "Hana mume. Hana mtoto."

"Alhamdulillahi," akasema Shomvi.

Afisa akaendelea kusoma, na uso ukaanza kukunjamana tena. "Ila amezaliwa jana."

Ilikuwa hivi. Jicho lilipotengenezwa, lilifundishwa kwamba mtu mpya huingia nchini kwa njia moja tu, nayo ni kuzaliwa. Kitufe alichobonyeza yule fundi kilikuwa cha watoto wachanga, kingine hakikuwepo.

"Itabidi angoje afikishe umri," afisa akasema. Kisha akamtazama Shomvi kwa chuki isiyofichika. "Na wewe bwana, hujatulia kabisa. Mara mke wa mtu, mara mtoto mchanga."

Shomvi alivua kofia yake, akaikunja, akaitia mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kutembea pamoja, akamshika Siwema mkono hadharani. "Twende kwa Shehe," akasema.

Walimkuta Shehe Jongo barazani kwake, ametoka kusali. Alisikiliza habari ya kibanda cha bati, moshi na kitufe. Ila waliposema kwamba bibi harusi amezaliwa jana, akainua mkono wanyamaze.

"Waliposema huyu ni dada yake, nilivumilia," akasema. "Niliogopa, na naliungama hilo mbele yenu. Lakini huyu mtoto nilimwadhinia mimi sikioni siku aliyozaliwa. Nilimpokea mikononi, jua limeshachomoza, akaninyea kanzu. Sitaambiwa kazaliwa jana. Lini mnataka?"

"Hata leo," akasema Siwema.

Ikawa siku ile ile baada ya alasiri, uani kwa Kombo, kwenye nyumba isiyo na kamera karibu kwa sababu nguzo yake ilianguka na Wizara ya Kesho iliahidi kuisimamisha kesho. Mablanketi yakatolewa sandukuni, gauni likanyooshwa. Shehe akaja hadi mlango wa chumba walipokaa wanawake, kumuuliza bibi harusi idhini yake kama ilivyo desturi. Ndani aliwaona pacha wameketi bega kwa bega, mmoja kwa gauni jeupe, mwingine kwa kanga, wote wamefumba midomo wasicheke.

"Siwema ni yupi?" akauliza.

"Ni mimi," akasema Siwema.

Shehe akatosheka na jibu hilo. Hakumulika uso wa mtu. "Umeridhia kuolewa na Shomvi?"

"Nimeridhia."

Vigelegele vilisikika mpaka zahanati.

*

Haikupita muda, Chausiku akiwa kazini, ujumbe wa Jicho ukaingia kwenye simu yake ya zahanati: raia mchanga Siwema, wa Mtaa wa Mabanzi, hajaletwa kupata matone ya chanjo ya kupooza, mkunga amfuate nyumbani. Chausiku akabeba kisanduku chake cha barafu, akavuka mtaa.

"Hodi. Nimetumwa na serikali," akasema mlangoni. "Nasikia humu mna mtoto mchanga."

"Yupo," akasema Shomvi, akampisha. "Anashona."

Siwema alikuwa mbele ya cherehani, hina bado imekolea vidoleni. Akaelezwa. Akageuza kigoda, akaketi, akainua kidevu na kufungua mdomo. Chausiku akadondosha tone moja, kisha la pili, akampangusa kidevu kwa ncha ya kanga kama anavyowafanyia wote.

"Machungu," akasema Siwema.

"Wenzako hulia. Wewe mtoto hodari."

Kisha Chausiku, ambaye siku zote ni mwaminifu kwa kazi yake, akaandika taarifa akaituma kwa Jicho: "Mtoto hajambo. Matone amepata. Ameolewa."

Jibu likarudi papo hapo, naye akalisoma kwa sauti: "Asante. Mpe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita."

Siwema aliegemeza paji la uso juu ya cherehani, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Shomvi alilitafakari agizo la serikali kwa heshima zote.

"Huyu wetu," akasema mwishowe, "tumwanzishie chai," akaenda kubandika birika.